Mtoto wa kuokotwa ndani ya Prolog: uchambuzi wa kifungu cha 1(2)

Mtoto mchanga amekutwa alfajiri kwenye ngazi za jengo, mahali fulani nchini Uingereza. Amefungwa blanketi, hana karatasi yoyote, na aliyemwacha hapo hajulikani. Polisi wanamchukua, hospitali inampima, watu wa ustawi wa jamii wanamtafutia malezi. Kila anakopitishwa linafunguliwa faili, na kila faili lina sehemu ya kujaza uraia. Ataandikwa raia wa wapi?

Sheria ya Uraia wa Uingereza ya mwaka 1981 inalo jibu, nalo limo katika kifungu cha 1(2). Kwa tafsiri yangu, kinasema hivi: mtoto aliyezaliwa karibuni ambaye, baada ya sheria hii kuanza kutumika, amekutwa ametelekezwa ndani ya Uingereza, atachukuliwa, isipokuwa kinyume kimeonyeshwa, kuwa alizaliwa humo baada ya sheria kuanza, na kuwa alizaliwa na mzazi ambaye wakati huo alikuwa raia au mkazi wa kudumu.

Nimekaa na kifungu hiki kwa muda mrefu, nikakiandika katika Prolog, lugha ya kompyuta inayofuata kanuni za mantiki, nikakifuta, nikakiandika tena. Kadiri nilivyoendelea ndivyo nilivyoona kwamba uzito wote umebebwa na maneno matatu: isipokuwa kinyume kimeonyeshwa. Ukiliweka neno la kukanusha mahali pake, mtoto ana nchi. Ukilisogeza hatua moja, hana, na programu haitakuonya kwamba umeigeuza sheria.

Njia hii wengine walikwisha kuipita kabla yangu. Mwezi Mei 1986, jarida la Communications of the ACM lilichapisha makala ya watafiti wa Imperial College ya London, yaani Marek Sergot, Fariba Sadri, Robert Kowalski, Frank Kriwaczek, Peter Hammond na H. T. Cory, iliyoonyesha sehemu kubwa ya sheria hiyo ikiwa imeandikwa kama programu ya mantiki. Kwa anayetafiti lugha dekleratifu na mifumo ya taarifa, makala hiyo bado ni shule. Katika lugha za kawaida mwanaprogramu huamuru: fanya hiki, kisha kile, rudia mpaka hapa. Katika lugha dekleratifu anaeleza lililo kweli na masharti yake, halafu kazi ya kutafuta njia anaiachia mashine. Anayeuliza hifadhidata kwa SQL yumo humo tayari, kwa msingi uliowekwa na Edgar Codd mwaka 1970 alipopendekeza data zipangwe kama mahusiano ya kihisabati. Prolog ilizaliwa Marseille mwaka 1972, kwa Alain Colmerauer na Philippe Roussel. Kowalski, ambaye wakati huo alikuwa Edinburgh, ndiye aliyeonyesha kwamba sentensi ya mantiki yenye umbo la "A kama B na C" inaweza kusomwa pia kama utaratibu wa kukokotoa: ukitaka kuthibitisha A, thibitisha B, kisha C.

Sheria hupenda sana umbo hilo. Ndiyo maana watafiti wa Imperial walipotafuta uwanja wa majaribio walichagua sheria, na sababu za kuichagua hii zilikuwa za busara. Ilikuwa imezua mabishano makali ilipopendekezwa, kwa kuwa ilileta aina mpya za uraia. Ilikuwa inajitosheleza kwa kiasi kikubwa. Na walipoanza, kiangazi cha mwaka 1983, ilikuwa na miezi tu tangu ianze kutumika tarehe 1 Januari, hivyo mahakama zilikuwa hazijaizungushia hukumu za kuifafanua. Maneno ya kuvutana yalikuwemo, kama "tabia njema" au "ujuzi wa kutosha wa Kiingereza", lakini yalikuwa machache na yangeweza kuachwa yaulizwe kwa mtumiaji.

Kabla ya kumfikia mtoto wa ngazini, lazima tupite kwa mtoto mwenye wazazi, kwa sababu kifungu cha 1(2) kinaegemea cha 1(1). Zamani kuzaliwa ndani ya Uingereza kulitosha kukupa uraia, isipokuwa kwa wachache kama watoto wa mabalozi. Tangu Januari 1983 hakutoshi. Mzazi mmoja lazima awe raia au mkazi wa kudumu, yaani mtu anayeishi huko bila kuwekewa kikomo cha muda na sheria za uhamiaji.

Rasimu ya kwanza ya kanuni hiyo inakujia bila kuitafuta: X ni raia kama X alizaliwa Uingereza na mzazi wake ni raia. Inasomeka vizuri, na ni mbovu. Mzazi ni raia lini? Leo ninapouliza, au siku mtoto alipozaliwa? Sheria inasema siku ya kuzaliwa. Basi tarehe lazima iingie ndani ya kanuni. Halafu vifungu vya mbele vinatofautisha raia aliyeupata uraia kwa nasaba na aliyeupata kwa njia nyingine, hivyo ni lazima pia ukumbuke ni kifungu kipi kilichompa. Watafiti wale walisimulia wazi kwamba walifika huko kwa kujaribu na kurekebisha, kifungu cha mbele kikiwalazimisha kurudi nyuma. Naipenda sana sehemu hiyo ya makala, maana tafiti nyingi huonyesha nyumba iliyokwisha jengwa na kuficha jukwaa. Kanuni iliyokomaa, kwa majina ya Kiswahili, inakuwa hivi:

raia(X, T, k1_1) :-
    alizaliwa_uingereza(X),
    tarehe_ya_kuzaliwa(X, T),
    sheria_imeanza(T),
    mzazi(Z, X),
    anastahili(Z, T).

Alama :- isome "kama", na mkato usome "na". X alipata uraia tarehe T kwa kifungu cha 1(1) kama alizaliwa Uingereza, na T ndiyo tarehe yake ya kuzaliwa, na sheria ilikuwa imeanza, na kuna Z ambaye ni mzazi wake, na Z siku hiyo alikuwa anastahili. Ili kujua kama Z anastahili, programu huenda inarudi kuuliza raia(Z), na mzazi wa Z, na kuendelea. Mnyororo huo haupandi milele. Kifungu cha 11 kinawashughulikia waliokuwa na hadhi yao kabla ya sheria kuanza, na hapo ngazi inagota.

Sasa mlete mtoto wetu. Mpe jina la mfumo, mtoto_7, na uulize. Programu inaanza na alizaliwa_uingereza(mtoto_7), inatafuta, haioni kitu, inajibu: false; hata ingepita hapo, ingekwama kwenye mzazi(Z, mtoto_7). Kwa kanuni ya 1(1) pekee, huyu si raia.

Kifungu cha 1(2) kiliandikwa kwa ajili ya shimo hilo hilo, lakini kimeandikwa kwa namna ya kumtaabisha mwanaprogramu. Hakisemi "ni raia." Kinasema achukuliwe kuwa na mzazi anayestahili, kwa madhumuni ya kifungu cha 1(1). Ni kifungu kinachozungumza juu ya kifungu kingine. Kinamtaja mzazi asiye na jina na kudai kwamba yupo. Ungeweza kumbuni mzazi wa kufikirika na kumwingiza kwenye data, kisha kuiacha 1(1) ifanye kazi yake, ila utakuwa umejaza rejista yako mizimu, na siku mzazi halisi akitokea mtoto atakuwa na mama wawili. Njia ya watafiti wa Imperial ilikuwa safi zaidi: kanuni ya pili inayotoa uraia moja kwa moja, ikibeba ndani yake masharti ambayo ya kwanza ingeyadai. Kwa majina yangu:

raia(X, T, k1_2) :-
    ameokotwa_mchanga(X, T),
    sheria_imeanza(T),
    \+ hakuzaliwa_uingereza(X),
    \+ wazazi_hawastahili(X).

Mistari miwili ya mwisho ndiyo yenye uhai. Alama \+ ni kanusho la Prolog, na maana yake ni finyu kuliko inavyoonekana: "nimejaribu kulithibitisha hili nikashindwa." Keith Clark aliliwekea msingi wa kihisabati mwaka 1978, mwaka ule ule Raymond Reiter alipoeleza dhana ya dunia iliyofungwa: kisichomo kwenye hifadhidata, na kisichotokana nayo, kihesabiwe si kweli. Ratiba ya treni tunaisoma hivyo kila siku. Kama treni ya saa nane haimo kwenye ratiba, haipo, wala hakuna anayeandika orodha ya treni zisizokuwepo.

Ndani ya mistari hiyo miwili, hata hivyo, mna makanusho mawili ya aina tofauti, na Kiingereza cha sheria hulazimika kuzunguka kuyatenganisha. Kiswahili kinayatenganisha kwa silabi moja. "Barua haijafika" si sawa na "barua haikufika." Ya kwanza inaacha mlango wazi: mpaka sasa hakuna, pengine kesho. Ya pili imekwisha amua. Kanusho la Prolog, lile \+, ni -ja-: haijaonyeshwa. Lililo ndani ya jina la kauli, hakuzaliwa, ni -ku-: kuna ushahidi wenye kusema hapana. Kanuni ya 1(2) kwa Kiswahili cha wazi ni "haijaonyeshwa kwamba hakuzaliwa Uingereza", na mwenye masikio ya Kiswahili anasikia mara moja kwamba hiyo si sawa na "imeonyeshwa kwamba alizaliwa." Kati ya sentensi hizo mbili umelala mzigo wa kuthibitisha. Katika ya kwanza anaubeba anayepinga. Katika ya pili unatwishwa mtoto wa siku mbili.

Kosa lililonifundisha haya nililitenda mwenyewe nilipokuwa nikiandika upya kanuni hizi katika SWI-Prolog. Nilikuwa na kauli hakuzaliwa_uingereza, ambayo nilikusudia iingizwe kama ushahidi. Mahali pengine kwenye programu niliihitaji kwa watu wa kawaida, wale wenye kumbukumbu za uzazi, na nikaona ni kazi bure kuwaandikia wote waliozaliwa nje mmoja mmoja wakati orodha ya waliozaliwa ndani ninayo. Nikaongeza mstari:

hakuzaliwa_uingereza(X) :- \+ alizaliwa_uingereza(X).

Mstari huo hauna kosa machoni. Asiyeonekana kwenye rejista ya waliozaliwa Uingereza hakuzaliwa Uingereza. Ni dunia iliyofungwa kama kwenye ratiba ya treni. Nikaendesha majaribio ya watu wa kawaida, yote yakapita. Nikamwuliza mtoto_7: false. Nilitafuta tatizo kwenye tarehe, nikatafuta kwenye majina, na ilinichukua jioni nzima kufuata hatua moja moja mpaka nione. Mtoto hana kumbukumbu ya kuzaliwa, kwa hiyo alizaliwa_uingereza inashindwa. Kwa kuwa imeshindwa, mstari wangu mpya unatangaza kwamba hakuzaliwa huko. Na kwa kuwa hilo sasa "limethibitika", kanuni ya 1(2) inaona kinyume kimeonyeshwa. Makanusho mawili ya aina ya -ja- yalikutana yakafutana, na kilichobaki ni sharti kwamba mtoto athibitishe alikozaliwa. Kutokuwepo kwa karatasi, jambo lenyewe lililofanya kifungu kitungwe, kumegeuzwa kuwa ushahidi dhidi yake.

Kosa hili halihitaji Prolog. Lichukue jedwali la kawaida la hifadhidata, lenye safu ya mahali pa kuzaliwa, na kwa mtoto_7 safu hiyo ni NULL, yaani haina thamani yoyote. Mwandishi wa mfumo anaandika sharti la kuchagua watoto wa kuokotwa ambao mahali pao <> 'nje', yaani si sawa na 'nje'. Nia yake ni njema: toa wote isipokuwa walioonekana kuzaliwa nje. Lakini SQL ina thamani tatu za ukweli, na NULL ikilinganishwa na chochote huzaa "haijulikani", na mstari ambao sharti lake halijulikani hauchaguliwi. Mtoto_7 anatoweka kwenye matokeo.

Toleo linaloniogopesha zaidi ni lile la NOT IN. Mwandishi anayejua hatari ya safu tupu anatenga jedwali la ushahidi wa kinyume, halafu anachagua kila mtoto ambaye namba yake NOT IN orodha ya namba zilizomo humo. Linafanya kazi kwa miezi. Kisha siku moja karani anaingiza ushahidi ambao haujahusishwa bado na mtoto yeyote, hivyo namba ya mtoto inabaki NULL. Tangu dakika hiyo sharti la NOT IN haliwezi kuwa kweli kwa mtoto yeyote, kwa kuwa kila mmoja huenda ndiye mwenye ule ushahidi usio na jina. Orodha nzima ya watoto wa kuokotwa inarudi tupu, na mfumo hautoi kosa. NOT EXISTS ingewaokoa wote, kwani yenyewe huuliza kama kuna mstari wa ushahidi unaolingana na mtoto huyu, na isipoupata inaridhika. NOT EXISTS ndiyo -ja- ya SQL. Ningetamani kila mwanafunzi wa mifumo ya taarifa alione tofauti hiyo kwa mfano wenye mtu ndani yake, si kwa jedwali la bidhaa na wateja.

Tiba ya kinadharia ya mkanganyiko wa makanusho ilifuata baadaye, na sehemu yake ilitoka kwa watu wale wale. Kowalski na Sadri waliandika mwaka 1990 juu ya programu za mantiki zenye vighairi. Michael Gelfond na Vladimir Lifschitz, mwaka 1991, waliipa programu ya mantiki makanusho mawili yenye alama mbili: moja ya "haijathibitika", nyingine ya "imethibitika kwamba si." Mifumo kama clingo wa Chuo Kikuu cha Potsdam inazo alama zote mbili leo. Kwa alama hizo, mstari wangu mbovu ungelazimika kuandikwa waziwazi kama uamuzi wa kufunga dunia kwa kauli hiyo moja, na nadhani mkono wangu ungesita kuuandika.

Tuendelee na kisa. Tuseme kanuni imekaa sawa, mtoto_7 ni raia. Mwaka unapita. Mama anapatikana, na inaonyeshwa bila shaka kwamba alijifungulia nje ya nchi na kuingia na mtoto. Tunaongeza ukweli mmoja, hakuzaliwa_uingereza(mtoto_7), tunauliza tena, na jibu ni false.

Kwa mwanamantiki wa zamani hili ni jambo la kushtua. Katika mantiki ya kawaida, kuongeza ukweli hakuondoi hitimisho. Ulichokithibitisha jana kinabaki kesho hata ujue mengi kiasi gani. Hapa hitimisho limekufa kwa kuongezewa taarifa. Sheria huishi hivyo daima, na Prolog iliweza kuifuata kwa sababu ya \+.

Ila programu iliweza kwa kuwa haikuandika popote kwamba mtoto ni raia. Ilikokotoa kila ilipoulizwa. Mifumo mingi ya ofisini haifanyi hivyo. Karani anaendesha ukaguzi siku ya kwanza, jibu ni ndiyo, linaandikwa kwenye safu ya hadhi, na tangu hapo safu ile inasomwa kama ukweli unaojitegemea. Sababu zake zimetupwa. Ushahidi wa mama ukiingia katika jedwali jingine, hakuna uzi unaounganisha vitu hivyo viwili. Utafiti umelishughulikia hili kwa muda mrefu. Jon Doyle mwaka 1979 alijenga mfumo unaohifadhi kila imani pamoja na sababu zake ili sababu ikianguka imani nayo ianguke. Upande wa hifadhidata, Gupta, Mumick na Subrahmanian walitoa mwaka 1993 njia ya kusasisha matokeo yaliyohifadhiwa: futa kwanza kila kitu ambacho huenda kimeguswa na badiliko, kisha rudisha vile ambavyo bado vina njia nyingine ya kuthibitika. Hatua ya pili ni ya haki kabisa. Mtoto wetu huenda akawa raia kwa kifungu kingine, na asipotafutiwa njia hiyo atanyang'anywa alicho nacho.

Mwaka ule ule wa 1986 Kowalski na Sergot walichapisha kalkulasi ya matukio, nami naisoma kama pacha wa kazi ya sheria ya uraia. Humo huhifadhi hali, unahifadhi matukio: tukio fulani linaanzisha hali, jingine linaikomesha, na hali iliyoanza huendelea maadamu haijaonekana kukomeshwa. Tena ile -ja-.

Makala ya 1986 ilipata upinzani haraka. Philip Leith aliandika mwaka huo huo katika The Computer Journal kwamba uandishi wa sheria kwa njia ya mantiki umekosea tangu msingini, kwa sababu maana ya sheria huamuliwa na watu katika mabishano, haikai tayari kwenye maandishi ikisubiri kukokotolewa. Nakubaliana naye kuhusu neno "mchanga", ambalo kifungu chenyewe hakisemi ni siku ngapi. Je, mtoto wa wiki sita ni aliyezaliwa karibuni? Hakuna kanuni itakayolijibu hilo kwa niaba ya hakimu. Hata "imeonyeshwa" haisemi kwa nani wala kwa kiwango gani cha ushahidi. Lakini nadhani alipunguza mno thamani ya kilichobaki. Programu haikudai kumwondoa hakimu. Ilikuwa imejengwa juu ya APES, mfumo wa Hammond uliomwuliza mtumiaji kila ilipofika kwenye jambo lisilokokotoleka na kumweleza kwa nini unauliza. Ilionyesha ni wapi hasa uamuzi wa mtu unahitajika na ni wapi hauhitajiki, na mpaka huo haukuwa umechorwa kwa makini hivyo. Warithi wake wapo kazini sasa: lugha ya Catala iliyotoka taasisi ya utafiti ya Inria nchini Ufaransa, ambayo msingi wake ni mantiki ya chaguo-msingi iliyotungwa na Reiter mwaka 1980, ilitumiwa kuandika kanuni za posho za familia za Ufaransa, na katika kuziandika, watafiti wakagundua kosa ndani ya programu rasmi. Matokeo yao yalitangazwa mwaka 2021.

Sheria yenyewe nayo haikukaa tuli. Neno "mzazi" katika mwaka 1981 lilikuwa na upande: mama alihesabika daima, baba alihesabika kama mtoto amezaliwa ndani ya ndoa. Kwa waliozaliwa tangu tarehe 1 Julai 2006, baba asiye na ndoa naye anahesabika akithibitika. Katika programu badiliko hilo ni kanuni moja ya ziada ya mzazi yenye tarehe yake, na kila kifungu kinachomtaja mzazi kinaipokea bila kuguswa. Katika mfumo ambao ukaguzi wa ndoa umenakiliwa kwenye fomu kumi, ni kuwinda fomu kumi.

Linalobaki kunikosesha usingizi ni kizazi cha pili. Mtoto_7 amekua, amepata binti aliyezaliwa Uingereza, na katika data yangu mzazi mwingine wa binti si raia wala mkazi wa kudumu. Binti ni raia kwa 1(1), kwa kuwa siku aliyozaliwa mzazi wake alikuwa raia kwa 1(2). Kisha, miaka thelathini baada ya zile ngazi, ushahidi unajitokeza. Nikauingiza, nikamwuliza binti: false. Ukweli mmoja juu ya mtu mwingine, uliotokea kabla hajazaliwa, umeshuka kwenye mnyororo ukamfikia. Kifungu hakitaji muda wa mwisho wa kuonyesha kinyume, na programu imefanya kilichoandikwa.

Nilibadilisha mambo mawili. Kwanza, kila ukweli sasa una tarehe mbili, ya jambo lilipotokea na ya mfumo ulipolijua, mtindo ambao SQL imeukubali rasmi tangu toleo la mwaka 2011. Hivyo naweza kuuliza binti alikuwa nani kwa yaliyojulikana siku alipozaliwa, na jibu hilo haliwezi kufutwa na yaliyojulikana baadaye. Pili, pale mnyororo unapovuka kutoka kwa aliyeokotwa kwenda kwa mzao wake na ushahidi umekuja baada ya mzao kuzaliwa, nimeondoa ukokotoaji na kuweka swali, kwa mtindo wa APES. Programu inasimama, inaonyesha vifungu ilivyopitia na tarehe zake zote mbili, inauliza kama kinyume kilichoonyeshwa baadaye kinamgusa na mzao, na kupokea majibu matatu: ndiyo, hapana, sijui. Anayejibu sijui anarudishiwa neno moja kwenye safu ya hadhi ya binti: haijaamuliwa.